Saratani za mbwa na paka: Mfugaji wa Manga afahamu nini kuhusu dalili, tiba na kinga

MBWA anayedondokwa na damu sehemu za siri huwa hana bahati katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Watoto huonywa wasimkaribie, wageni hufunga pua, na mwenye boma huanza kutafuta namna ya kumwondoa. Baadhi hufukuzwa wakafie vichakani, na wengine hutegewa nyama iliyotiwa sumu.

Ilhali, mara nyingi maradhi yanayomsumbua mnyama huyo ni saratani inayotibika. Yaani sindano moja kwa wiki, kwa muda wa wiki nne hadi sita hivi, hutosha kuwaponya mbwa wengi wanaougua aina hiyo. Ni miongoni mwa saratani chache mno duniani, za wanyama au za binadamu, ambazo tabibu anaweza kutarajia kuzimaliza kabisa kwa dawa moja tu.

Katika eneo la Manga, lililoko kwenye mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, mbwa, ambaye Abagusii humwita esese, si pambo la nyumbani. Ndiye mlinzi wa ng'ombe wa maziwa, kuku na migomba katika vijishamba vilivyobanana kando ya mashamba ya majani chai. Paka naye hulinda ghala la mahindi dhidi ya panya. Kumpoteza mmoja wao ni hasara, hata kama hasara yenyewe haiandikwi katika daftari lolote.

Makala haya yanaeleza saratani zinazowapata wanyama hawa mara kwa mara, jinsi zinavyotambuliwa, matibabu yake, na hatua ambazo mfugaji wa kawaida anaweza kuchukua kuzizuia.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa mnyama, sawa na wa binadamu, umejengwa kwa seli. Kila seli huzaliwa, hufanya kazi yake na kufa kwa mpango maalumu. Saratani huanza pale seli moja inapopoteza mpango huo na kuanza kugawanyika ovyo. Seli hizo hujilimbikiza na kufanya uvimbe, na baadhi hubebwa na damu au majimaji ya limfu hadi viungo vingine kama vile mapafu na ini.

Si kila uvimbe ni saratani. Mbwa aliyepigana huweza kupata jipu. Mtoto wa mbwa huweza kuwa na ngiri ya kitovu. Kupe aliyeng'olewa vibaya huacha kinundu, na kuna nzi ambao mabuu yao hujichimbia chini ya ngozi na kufanya uvimbe wenye tundu dogo juu yake. Mambo haya yote hutibiwa kwa njia tofauti kabisa, na ndiyo sababu uvimbe hauwezi kupewa jina kwa kutazamwa tu.

Jambo la kuzingatia ni mwendo wa uvimbe wenyewe. Uvimbe unaozidi kukua mwezi baada ya mwezi, kidonda kisichopona, damu inayotoka bila jeraha, kukonda licha ya kula, kutapika chakula mara kwa mara na kuchechemea kusikoisha ni dalili zinazostahili uchunguzi wa daktari wa mifugo.

SARATANI INAYOAMBUKIZWA

Saratani inayowapata sana mbwa wanaozurura katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, ni ile ya sehemu za siri inayoambukizwa wakati wa kujamiiana. Uvimbe wake ni mwekundu, laini, wenye vinundu vingi mithili ya koliflawa, na hutoka damu kwa urahisi. Kwa dume hujificha ndani ya ngozi inayofunika uume, na kwa jike hukaa ndani ya uke au kuchomoza nje.

Maradhi haya ni ya ajabu kwa sababu kinachoambukizwa si kijidudu. Hakuna virusi wala bakteria. Zinazoambukizwa ni seli zenyewe za saratani, ambazo hubanduka kutoka kwa mbwa mmoja, zikajipachika kwa mwingine na kuendelea kukua kana kwamba zimehamia nyumba mpya.

Daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alionyesha mwaka wa 1876 kwamba saratani hii inaweza kuhamishwa kutoka kwa mbwa hadi kwa mwingine kwa kupandikiza kipande cha uvimbe. Mwaka wa 2006, wanasayansi wakiongozwa na watafiti wa London walithibitisha kwa kupima jeni kwamba uvimbe wa mbwa wa nchi mbalimbali haukutokana na miili ya mbwa hao, bali wote ni uzao wa seli moja ya kale. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78, ilhali ya saratani hii huwa na takriban 60 au pungufu.

Uchunguzi mpana zaidi, uliochapishwa mwaka wa 2019 na kundi lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulikadiria kwamba mbwa wa kwanza kuugua aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani, lakini seli zake zingali hai katika miili ya mbwa wa leo. Saratani nyingine za kuambukiza zinazojulikana ni chache, miongoni mwazo zile za uso zinazomwangamiza mnyama aitwaye shetani wa Tasmania huko Australia, na nyingine za baadhi ya chaza na kome wa baharini.

Kwa mwenye boma, maelezo hayo yana maana tatu. Kwanza, binadamu hawezi kuambukizwa saratani hii, wala paka, ng'ombe au mbuzi. Pili, dume mmoja anayezurura anaweza kuisambaza kwa majike wengi wa vijiji kadhaa. Tatu, kwa vile seli hizo hufa upesi zikiwa nje ya mwili, maradhi huhitaji mbwa wagusane ana kwa ana, hivyo yanazuilika.

Si lazima yaanzie sehemu za siri. Mbwa hunusana na kulambana, hivyo seli huweza kujipachika puani, mdomoni, machoni au kwenye ngozi yenye mkwaruzo. Mbwa mwenye uvimbe puani hupiga chafya, hukoroma na kutokwa na damu upande mmoja wa pua. Daktari hulazimika kutofautisha hali hii na magonjwa yanayoletwa na kupe, ambayo pia husababisha damu ya pua.

Wenye mbwa jike hupotoshwa kwa namna nyingine. Damu inapoonekana, hudhani jike ameingia joto. Damu ya joto hukoma baada ya wiki mbili au tatu. Ikiendelea kwa mwezi au zaidi, ama ikionekana kwa dume, mnyama anafaa kuchunguzwa.

MATIBABU YA SINDANO

Uchunguzi wa saratani hii ni rahisi. Daktari hubonyeza kipande cha kioo juu ya uvimbe, au hufyonza seli kidogo kwa sindano, kisha huzitazama kwa hadubini. Seli zake ni za mviringo na huwa na vijishimo vyeupe vinavyozitambulisha kwa haraka.

Dawa inayotumika sana huitwa vinkristini. Asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ambao leo hupandwa kama pambo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Dawa hiyo hiyo hutumika kutibu saratani ya damu kwa watoto, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mbwa hudungwa ndani ya mshipa mara moja kwa wiki. Kwa kawaida damu hupungua baada ya sindano ya kwanza au ya pili, na uvimbe huanza kunywea. Matibabu huendelezwa hadi uvimbe utoweke kabisa. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mbwa zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Wachache wasiopona hupewa dawa nyingine iitwayo doksorubisini, au hutibiwa kwa mionzi pale huduma hiyo inapopatikana.

Upasuaji peke yake hauaminiki, kwani mara nyingi uvimbe hurudi. Seli chache zikibaki jerahani, au zikihamishwa na kisu cha daktari, huota upya.

Kosa linalofanywa na wafugaji wengi ni kusimamisha matibabu mara damu inapokoma. Mbwa huonekana mzima, mwenyewe huona hakuna haja ya kugharamia sindano ya nne, na baada ya miezi kadhaa uvimbe hurudi.

Hata hivyo, vinkristini si dawa ya kununuliwa na kudungwa na mtu yeyote. Kipimo chake hukokotolewa kulingana na uzani wa mnyama na eneo la ngozi yake. Tone likivuja nje ya mshipa huozesha nyama ya mguu. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, na kwa hiyo daktari hupima damu kabla ya kila sindano. Baadhi ya mbwa wa jamii ya koli wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa hii, pamoja na ivermektini, iwadhuru kwa kipimo ambacho mbwa wengine hustahimili.

Aidha, mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa aliyedungwa huwa na mabaki ya dawa kwa siku kadhaa. Anayeyasafisha anapaswa kuvaa glavu. Wanawake wajawazito na watoto wasiyaguse kabisa.

UVIMBE WA TEZI ZA MAZIWA

Saratani ya pili ambayo mfugaji anaweza kukutana nayo ni ya tezi za maziwa. Huwapata hasa majike waliopita umri wa makamo ambao hawajafungwa uzazi. Huanza kama punje ngumu karibu na chuchu, mara nyingi zile za nyuma, na mwenye mbwa huenda asiitambue hadi inapofikia ukubwa wa limau au kupasuka.

Kwa mbwa, karibu nusu ya uvimbe wa aina hii si saratani ya kusambaa. Kwa paka hali ni mbaya zaidi, kwani uvimbe wa maziwa takriban minane hadi tisa kati ya kumi huwa ni saratani kali. Ndiyo sababu daktari hangoji anapogundua punje kwa paka.

Tiba kuu ni upasuaji. Kwa mbwa, daktari huweza kuondoa uvimbe pamoja na tezi iliyoathiriwa. Kwa paka, kwa kawaida safu nzima ya tezi za upande mmoja huondolewa. Ukubwa wa uvimbe siku ya upasuaji ndio huamua mengi. Paka aliyepasuliwa uvimbe ukiwa chini ya sentimita 2 ana matumaini makubwa ya kuishi miaka kadhaa, lakini yule aliyecheleweshwa hadi uvimbe ukapita sentimita 3 mara nyingi huishi kwa miezi tu.

Kabla ya kupasua, inashauriwa mapafu yapigwe eksrei. Saratani ikiwa tayari imefika huko, upasuaji hauongezi maisha, ingawa huweza kumpunguzia mnyama adha ya kidonda kinachonuka.

Kinga yake inafahamika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1969 ulionyesha kwamba jike aliyefungwa uzazi kabla ya joto lake la kwanza alikuwa na hatari ndogo mno ya kupata saratani hii, na kinga hiyo ilipungua kwa kila joto lililopita. Wataalamu wa miaka ya karibuni wamehoji ukubwa wa takwimu hizo, lakini kufunga uzazi mapema kungali kunahesabiwa kuwa hatua ya manufaa. Kwa paka, utafiti wa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kufungwa uzazi kabla ya miezi sita hupunguza hatari kwa asilimia 91.

Kinyume chake, sindano za homoni zinazotumiwa kuzuia jike asiingie joto huongeza hatari ya uvimbe wa maziwa na hata usaha katika mji wa uzazi. Mfugaji anayeshauriwa kutumia sindano hizo kwa sababu ni rahisi kuliko upasuaji hana budi kuyajua hayo.

MNYOO UNAOLETA SARATANI YA UMIO

Kuna saratani nyingine ambayo haizungumzwi sana, lakini inahusiana moja kwa moja na maisha ya shambani. Husababishwa na mnyoo mwekundu uitwao spirosaka, unaoishi katika umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mnyoo huu umejulikana kwa mbwa wa Kenya tangu zamani, na uchunguzi kuuhusu humu nchini ulichapishwa mwaka wa 1977.

Mayai ya mnyoo hutoka katika kinyesi cha mbwa. Dundu wanaokula na kuviringisha kinyesi huyameza, na humo mayai huanguliwa na kuwa viluwiluwi. Mbwa huambukizwa akimla dundu huyo, au akila kuku, mjusi au panya aliyemla dundu. Katika boma ambalo kuku huchakura huria na matumbo yao hutupiwa mbwa siku ya kuchinja, mzunguko huo hukamilika bila kizuizi.

Viluwiluwi hutoboa ukuta wa tumbo, hufuata mishipa ya damu hadi mshipa mkuu utokao moyoni, kisha huhamia kwenye umio na kufanya vinundu. Kwa baadhi ya mbwa, vinundu hivyo hugeuka saratani baada ya muda. Mbwa hutoa chakula alichokimeza muda mfupi baada ya kula, hutokwa na mate, hukonda, na wakati mwingine miguu huvimba. Wengine hufa ghafla mshipa mkuu unapopasuka, na mwenye mbwa hudhani amewekewa sumu.

Mnyoo ukigunduliwa mapema kwa kupima kinyesi au kwa kamera ya kuingizwa kooni, dawa za minyoo zinazotolewa na daktari kwa awamu kadhaa huweza kuumaliza. Kinundu kikishageuka saratani, matumaini huwa madogo. Kwa hivyo kinga ni bora. Matumbo ya kuku yapikwe vyema au yafukiwe, na kinyesi cha mbwa kiokotwe na kutupwa chooni.

MITOKI, MIFUPA NA NGOZI

Saratani ya limfu hufanya mitoki ivimbe bila maumivu chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Mbwa asiyetibiwa huishi kwa wiki nne hadi sita hivi. Akitibiwa kwa mchanganyiko wa dawa kadhaa za saratani, mbwa wengi hupata nafuu kubwa na huishi kwa karibu mwaka mmoja, ingawa ni wachache wanaopona kabisa. Prednisoloni peke yake huleta nafuu ya mwezi mmoja au miwili. Ikumbukwe kwamba magonjwa ya kupe pia huvimbisha mitoki, na hayo yana tiba yake. Mbwa asihukumiwe kabla ya kupimwa.

Saratani ya mifupa huwapata zaidi mbwa wakubwa wa kizungu kama vile rotwaila na mbwa wa Kijerumani, ambao wafugaji wengi hupenda kuwanunua kwa ulinzi. Huanza kwa kuchechemea, kisha uvimbe mgumu juu ya kifundo cha mguu wa mbele au karibu na goti. Maumivu yake ni makali. Kukata mguu huondoa maumivu, na mbwa wengi hujifunza kutembea kwa miguu mitatu katika muda mfupi. Hata hivyo, kwa kuwa saratani hii huwahi kufika mapafuni, kukata mguu peke yake humwongezea mnyama miezi michache, na kukiandamana na dawa huweza kumfikisha karibu mwaka.

Kwenye ngozi, uvimbe wa mbwa huwa wa aina nyingi. Baadhi ni mafuta tu yasiyo na madhara. Mwingine, unaotokana na seli zinazohusika na mzio, huweza kuonekana kama chunjua au alama ya kuumwa na mdudu, ukavimba na kunywea kwa zamu. Huo hukatwa pamoja na sehemu pana ya ngozi nzima inayouzunguka ili usirudi.

Paka weupe, au wenye masikio na pua nyeupe, wana adui wao maalumu. Naye ni jua. Manga iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, tena katika nyanda za juu ambako miale ya jua ni mikali hata siku za baridi. Ncha za masikio huanza kwa wekundu na magamba, kisha kidonda kisichopona ambacho wengi hukidhani ni cha kupigana. Kikigunduliwa mapema, kukata sehemu ya sikio huweza kumponya paka kabisa. Kikiachwa, hula sikio, pua na hata uso.

Paka pia huweza kupata saratani ya limfu na ya damu kutokana na virusi vilivyogunduliwa mwaka wa 1964 na William Jarrett wa Glasgow, Scotland. Virusi hivyo huenea kwa mate, yaani kwa kulambana, kula chombo kimoja na kuumana. Chanjo yake ipo. Navyo havimwambukizi binadamu.

KABLA YA TIBA

Daktari anapochunguza uvimbe, hatua ya kwanza ni kuupima kwa rula na kuuchora katika kumbukumbu za mnyama. Kisha hufyonza seli kwa sindano. Isipotosha, hukata kipande kidogo na kukipeleka maabara kikiwa ndani ya dawa ya kuhifadhi. Kitivo cha Utibabu wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, ni miongoni mwa taasisi ambazo kwa miaka mingi zimefundisha madaktari wa mifugo na kuchunguza maradhi ya aina hii nchini.

Ni kweli kwamba Kabete iko mbali na Manga, takriban kilomita 300 kwa barabara. Lakini si kila kisa huhitaji safari hiyo. Sindano na kipande cha kioo hubebwa katika mkoba wa daktari, na sampuli husafiri kwa urahisi kuliko mbwa. Uvimbe wa maziwa ulio mdogo na kidonda cha ncha ya sikio huweza kupasuliwa katika kliniki ya kawaida ya mjini. Tiba ya mionzi ndiyo mfugaji wa kijijini asiyoweza kuitegemea.

Sheria ya Kenya kuhusu madaktari wa mifugo na wahudumu wasaidizi, iliyopitishwa mwaka wa 2011, inataka kila anayetoa huduma hizi awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mfugaji ana haki ya kuulizia usajili huo kabla ya kutoa pesa. Chini ya katiba ya mwaka wa 2010, huduma za mifugo ni jukumu la serikali za kaunti, na afisa wa mifugo wa wadi ndiye mtu wa kwanza wa kuendewa.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kumpa mnyama dawa za binadamu ili kupunguza maumivu. Kidonge kimoja cha parasitamoli huweza kumuua paka, kwani mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

La pili ni kumwogesha paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Dawa zenye permethrini humtetemesha paka hadi kufa.

La tatu ni kupasua uvimbe kwa wembe kwa kudhani ni jipu, au kuupaka majivu, mafuta ya taa na asidi ya betri. Vitendo hivi humwongezea mnyama mateso na kufanya kidonda kisiweze kushonwa baadaye.

La nne ni kumlisha mbwa mahindi yaliyoota ukungu ambayo watu wameyakataa. Sumu ya ukungu, aflatoksini, ambayo mwaka wa 2004 iliua watu 125 katika eneo la Mashariki mwa Kenya, huharibu ini la mbwa upesi. Chakula kisichofaa kuliwa na mtu hakimfai mlinzi wake.

TIBA INAPOSHINDIKANA

Si kila mnyama ataponywa, wala si kila jamaa itamudu gharama. Mzazi anayelipa karo hawezi kulaumiwa kwa kukosa pesa za kumkata mbwa mguu. Daktari mwema husema mapema gharama ni kiasi gani, mnyama ana uwezekano gani wa kuishi na kwa muda gani, kisha humwachia mwenyewe uamuzi.

Pale mnyama anaposhindwa kula, kusimama au kulala kwa sababu ya maumivu, kumlaza usingizi wa milele kwa sindano ya daktari ni huruma. Hupoteza fahamu kwanza, kisha moyo husimama. Hilo ni tofauti kabisa na nyama ya sumu, ambayo humuua mbwa kwa mishtuko na uchungu, na ambayo yaweza kuokotwa na mbwa wa jirani, kuku au mtoto. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama inapiga marufuku mateso ya aina hiyo. Mzoga ufukiwe kwenye shimo refu mbali na kisima au chemchemi.

KINGA NI YA KIJIJI KIZIMA

Kwa saratani nyingi hakuna chanjo, lakini hatua chache hupunguza hatari kwa kiwango kikubwa. Jike afungwe uzazi akiwa mchanga. Dume ahasiwe, maana aliyehasiwa hana haja ya kuvuka mabonde akifuata majike, na wala hapotezi ujasiri wa kulinda boma. Mbwa afungwe mchana na afunguliwe usiku ndani ya ua. Kila mwezi, mwenye mnyama ampapase kuanzia taya hadi mkia, amtazame mdomoni na amkague chuchu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ulioanzishwa mwaka wa 2014 kwa lengo la kuumaliza ugonjwa huo ifikapo mwaka wa 2030, unategemea chanjo kwa mbwa wengi kwa pamoja. Siku ambayo mbwa wa kijiji hukusanywa kuchanjwa ni fursa ya kuwakagua pia kwa uvimbe. Hapo daktari mmoja anaweza kuona katika asubuhi moja wanyama ambao wasingefikishwa kwake mwaka mzima.

Mbwa mmoja akipatikana na saratani ya kuambukiza, majirani waarifiwe ili nao wawachunguze wao. Kumtibu mmoja na kuwaacha watano wakizurura na uvimbe ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Na yule anayedondokwa na damu asifukuzwe bomani, kwani akifukuzwa ataupeleka ugonjwa kwenye boma jingine. Afungwe kamba, apewe maji, na daktari aitwe.